Watasema Anajifunza Kulala

Alunguli, Kindu
Tarehe 18 Mei 2025

Mpendwa Yaya Didier,

Nakusalimu kaka yangu mkubwa, kwa mikono miwili na goti chini, ingawa Lubumbashi ni mbali na goti langu hulioni. Habari za huko? Wifi yangu Josiane amepona mgongo? Watoto wanasoma? Kalume bado anakataa mboga ya sombe, au njaa ya mjini imemtia adabu? Niandikie yote, hata yale unayoyaona madogo, maana hapa tunashiba habari kubwa tu na hazitupi usingizi.

Sisi tupo. Baba anakula vizuri, anakohoa asubuhi, halafu anagombana na redio. Bénie wangu alipata malaria lakini ilipita, na Joëlle mdogo ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Mume wangu Mardochée bado yuko Kampene kwenye machimbo. Anatuma habari kupitia watu wa pikipiki, anasema njia haijawa nzuri na tusimtazamie upesi. Mimi naendelea kuuza mawese sokoni hapa Alunguli. Mwili hauna neno. Ni moyo ndio umekataa kukaa mahali pake, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu, Yaya. Kila nikisikia sauti yako nalia, salio linaisha, wewe unabaki huko unaita alo, alo. Karatasi haikatiki. Barua hii inakuja na Michel, mtoto wa Mama Hawa yule wa sabuni, anayepanda ndege wiki hii. Mpe chai na umwulize lolote, ila usiamini kila atakachosema, anapenda kuongeza chumvi.

Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa, watu wa avenyu yetu wanalala na viatu. Usishtuke, hapa Kindu hakuna aliyefika. Lakini kila siku mtu mmoja anashuka kutoka barabara ya mashariki na neno moja, na neno hilo likifika sokoni limeshazaa watoto. Unajua tulivyokaa sisi wa Alunguli: vita ikija itagonga kwanza mlango wetu, mji wote uko ng'ambo ya mto Lualaba, na daraja halipo. Kwa hiyo kila mtu anawaza jambo moja, nani ana mtumbwi na nani atakubali kunibeba. Hata salamu zimebadilika. Wanawake wanaamkuana na macho yao yako mtoni.

Mimi ni mwoga, hilo halihitaji shahidi. Ni wewe uliyekuwa ukinicheka nilipomkimbia kuku mwenye vifaranga. Lakini kuna jambo hukuliona kwa macho yako kwa sababu ulikuwa umeshaondoka kwenda Lubumbashi, na nyumbani hatujawahi kulieleza vizuri. Nimeona nikueleze leo, kwa sababu bila hilo hutaelewa habari ya mbwa.

Ule mwaka wa vita nilikuwa na miaka kumi na minne, na mdogo wetu Aimé alikuwa na sita. Risasi zilianza upande wa msitu, watu wote wakakimbilia mtoni. Mama alitushika sisi wawili, tukafika ukingoni mapema, na mtumbwi wa kwanza ulikuwa na nafasi. Mama akakataa kuingia. Alisema tumngojee Baba. Unaujua mguu wa Baba, ule ulioumizwa na mtego. Alikuwa anakuja polepole nyuma yetu na mbwa wake wa kuwinda. Mitumbwi ikaondoka mmoja baada ya mwingine. Baba alipofika ulibaki mmoja tu, umejaa watu na kuku na masufuria, tukajisukuma humo na mbwa wetu.

Katikati ya mto bunduki kubwa ikalia. Mbwa akaruka. Hakuruka majini, aliruka juu ya watu, huku na huku, watu wakainama upande mmoja kumkwepa, na mtumbwi ukageuka. Mimi nilishika nguo ya mtu nisiyemjua. Mama alivutwa na mvuvi. Aimé hatukumpata, wala siku ile wala baadaye. Ndivyo ilivyokuwa, Yaya. Wewe uliandikiwa tu kwamba alikufa kwa maji.

Tangu siku ile sijaweka mguu katika mtumbwi. Nikitaka kwenda mjini nangoja kile kivuko kikubwa cha chuma, na kikiharibika siendi. Hata Mama alipolazwa ng'ambo, Mungu amrehemu, nililala njaa ukingoni nikingoja kivuko, huku watu wakivuka mbele ya macho yangu. Na mbwa sikutaka kumwona nyumbani. Baba naye hakufuga tena.

Sasa, Mardochée akamleta mmoja. Alikuja naye ndani ya koti kutoka Kampene, mdogo, mwekundu kama udongo wa huko, masikio yamesimama. Alisema ni wa kutulinda na wezi akiwa hayupo. Halafu akafanya kile wanachofanya wanaume wa hapa wote wakipata mbwa. Alimchanganyia pilipili katika bugali na kumfungia gizani ili awe mkali. Nilimwambia, Mardochée, huyu mtoto wa mbwa analia. Akanijibu kwamba ndivyo ukali unavyoingia.

Ukali haukuingia. Kilichoingia ni woga. Mfuniko wa sufuria ukianguka, mbwa alipanda ukuta. Pikipiki ikipita alizunguka ua mpaka povu linamtoka. Mtu akipiga hodi, alibweka huku anarudi nyuma na kujikojolea. Baba alimwita Watasema, kwa sababu majirani hawakuacha kusema. Mama Hawa alisema tumefuga shetani, na jirani mwingine alitaka kumnunua awe kitoweo.

Lakini Mama alipokufa, mbwa yule alikwenda kulala kwenye miguu ya Baba na hakutoka. Baba akawa anamgawia samaki wake. Ukimwona Baba anazungumza peke yake barazani, angalia chini ya kiti, yuko Watasema. Mimi nilimwachia. Mwanamume mzee aliyefiwa humnyang'anyi kitu kinachompasha miguu joto.

Basi habari za vita zilipoanza kuja, nilikwenda kwa Zuberi. Unamkumbuka, mtoto wa jirani yetu wa zamani, aliyekuwa anaiba maembe nawe. Sasa ni mtu wa ndevu, ana mtumbwi wake mwenyewe, mrefu na imara, na nafasi zetu alituwekea bila neno. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia Baba kwamba tumepata mtumbwi, ila mbwa tutampeleka Kailo, upande wetu huu wa mto, kwa watu wa Mardochée.

Baba hakuinua hata kichwa. "Kama mbwa anabaki, na miye nabaki," akasema. Kisha akaongeza sauti ya redio.

Nilibembeleza. Nililia. Nilimleta katekista, Baba akampa kiti na kumsikiliza vizuri, halafu akamrudishia neno lilelile. Nilimkumbusha Aimé, jambo ambalo hatufanyi humu ndani, na nilijuta pale pale, kwa sababu alitazama mikono yake kwa muda mrefu. Hakubadilika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mbwa huyu anayerukia kuta ndiye ameshika uhai wa baba yetu. Asipojifunza kutulia ndani ya mtumbwi, Baba atabaki Alunguli siku ya vita, na sisi ndio tutakaokueleza wewe kwa nini tulimwacha.

Nilikwenda tena kwa Zuberi kumwomba nafasi ya mbwa. Alishika ndevu. Yeye ni mtu wa msikiti, na mate ya mbwa, hata maji ya mwili wake, yakimgusa inambidi aoshe nguo na mwili kabla ya kuswali. Aliniambia kwa ucheshi lakini alikuwa hachezi: "Mama Bénie, nitamubeba. Lakini alale juu ya mukeka yake, mukavu, mbele kabisa. Akisimama na kunikung'utia maji, mutavuka kwa kuogelea." Nikasema sawa, kama mtu anayejua anachokubali.

Nilimwomba Baba amfundishe. Nani mwingine? Amewinda na mbwa maisha yake yote, wewe mwenyewe ulikwenda naye msituni na uliona jinsi mbwa wake walivyokuwa wakilala kimya mpaka awafunge njuga shingoni. Akakataa! Alisema mikono yake imechoka, nimfundishe mimi mwenyewe. Mimi, Yaya, niliyekuwa nampa mbwa chakula kwa kusukuma sahani na fimbo.

Nilianza kwa kumtoa pilipili kichwani. Nilinunua vichwa vya samaki wa moshi kutoka Lokandu, nikavivunja vipande vidogo, nikatandika ule mkeka wa zamani wa Mama barazani, nikakaa mbali. Akipita juu ya mkeka, namtupia kipande. Akisimama hapo, kipande. Akilala, vipande vingi na neno moja tu: lala. Akiruka na kubweka, simpi kitu na sisemi kitu. Majirani walichungulia juu ya ua. Walisema Francine amepata kichaa, analipa mbwa mshahara wa kulala wakati binadamu wanalima na hawali.

Baada ya muda alijua. Nikitandika mkeka tu, anakimbia kulala juu yake, miguu chini ya tumbo, kichwa juu, macho kwangu. Nikamwita Baba kwa majivuno aje kuona.

Baba alimtazama kidogo. "Hii haiko kulala. Hii njo kujificha," akasema. "Angalia kiuno. Mbwa mwenye kutulia anamwaga kiuno upande moja. Halafu anaweka kidevu. Halafu anatoa pumzi murefu. Ile pumzi njo unalipa."

Nilirudi mwanzo. Nilikaa na kichwa cha samaki mkononi nikingoja pumzi ya mbwa kama mkunga. Siku nyingine nilichelewa sokoni, nikakosa wateja kwa sababu yake. Nilianza kumjua: sikio la kushoto likigeuka nyuma, bado anaogopa, ulimi ukilamba pua, bado, paja likianguka, yuko karibu. Na siku moja kiuno kilimwagika, kidevu kikagusa mkeka, akatoa pumzi ile. Nilimpa samaki mzima. Bénie alipiga makofi, mbwa akaruka, tukaanza upya.

Kisha Baba akasema nimwekee mkono. Hapo ndipo penyewe. Nilipoweka mkono juu ya mbavu zake, mbwa aliyekuwa amelala vizuri alikaza mwili wote. Nikiutoa, analegea. Nikirudisha, anakaza. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Anasikia mukono yako iko natetemeka. Anasema, kama mukubwa yangu anaogopa, basi kitu iko. Tuliza mukono kwanza."

Unatulizaje mkono, Yaya, ukiwa mtu kama mimi? Baba alinifundisha kupumua kwa hesabu ya mtu anayetwanga taratibu, kupanda na mchi, kushuka na mchi. Nilipumua hivyo kila jioni kabla ya kupika, mkono juu ya mbavu za Watasema. Mwanzo niliona ni upuuzi. Baadaye nikaanza kuona kwamba ule wakati wa barazani ndio pekee katika siku nzima ambao siwazi mto wala bunduki.

Tukaleta kelele. Bénie aliangusha mfuniko wa sufuria huko jikoni, kwa upole, kisha karibu zaidi. Tukaja kwenye mchi na kinu, kisha pikipiki ya jirani ikiwashwa na kuzimwa mlangoni. Kila kelele ilikuja na kipande cha samaki, na kila tulipokimbilia kelele kubwa mapema, mbwa aliharibika na tulirudi nyuma siku kadhaa. Ni kazi ya subira. Baba alikaa kwenye kiti chake, anatazama, hasaidii, anasema neno moja na kunyamaza.

Mwisho ikabidi kwenda mtoni. Zuberi aliuvuta mtumbwi mchangani, nikatandika mkeka mbele, mbwa akaingia na kulala. Vizuri. Zuberi akausukuma majini, ukiwa umefungwa kwa kamba. Nilimwambia Bénie aingie na mbwa, nami nitasimama ukingoni na samaki. Mtumbwi ulipocheza kidogo, mbwa akainuka na kutetemeka, akinitafuta mimi kwa macho. Bénie alisema lala, lala, lakini hakusikia.

Baba alikuwa ameketi juu ya gogo. "Mwenye mukono njo anaingia," akasema.

Sitakudanganya kwamba niliingia siku ile. Nilirudi nyumbani na mkeka kichwani. Siku iliyofuata nilisimama na miguu majini. Nyingine nilikaa juu ya ukingo wa mtumbwi, miguu yote nje, mkono ndani. Zuberi alikuwa na subira, anaimba taratibu na kutengeneza kafi lake, na hakuniuliza lolote. Siku nilipoweka miguu ndani na kukaa chini kwenye mkeka karibu na mbwa, nilifumba macho nikatwanga kwa pumzi, nikatwanga, nikatwanga, na nilipofumbua niliona Zuberi ametupeleka mbali na ukingo kwa urefu wa kamba yote. Nilimtukana. Mbwa alikuwa amemwaga kiuno.

Sasa nakuja kwenye Jumanne iliyopita. Nilikuwa sokoni asubuhi, napima mawese, risasi zikalia upande wa barabara ya mashariki. Si moja. Soko lote liliinuka. Niliacha ndoo, niliacha chupa, nilikimbia nyumbani na njiani nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiita Aimé. Ndivyo nilivyoita, si jina la watoto wangu.

Nyumbani nilimkuta Baba amesimama tayari, fimbo mkononi. Joëlle alikuwa mgongoni mwa Bénie, mkeka umeviringishwa, mbwa kafungwa kamba. Tulikwenda kwa mwendo wa Baba. Watu walitupita. Kila aliyetupita nilimwona amechukua nafasi yetu. Nilitaka kumbeba Baba mgongoni, akanifukuza na fimbo.

Zuberi alikuwa anatungoja, Mungu ambariki na msikiti wake. Nilitandika mkeka mbele, nikasema lala, Watasema akalala. Bénie na mdogo wake wakakaa katikati, Baba nyuma yao. Nami niliingia, Yaya. Mguu wa kwanza, mguu wa pili. Ukingoni watu walikuwa wanapiga kelele, watoto wanalia, risasi bado zinalia nyuma yetu, na mbwa yule wa pilipili aliweka kidevu chini.

Tulipofika katikati, baleinière moja, ile boti kubwa ya mbao yenye injini, ilipita kwa kasi, imejaa watu mpaka juu, ikatuletea mawimbi. Mtumbwi ulipanda ukashuka. Na mimi nikasimama. Sijui ni nani aliyenisimamisha. Nilisimama wima katikati ya Lualaba nikipiga kelele, mtumbwi ukalala upande mmoja, maji yakaingia, Bénie akaniita mama, mama. Nilikuwa naruka juu ya watu. Nilikuwa ni yule mbwa wa mwaka ule.

Baba hakupandisha sauti. "Francine. Lala."

Miguu ilikunjika yenyewe. Nilianguka kwenye mkeka, nikajilaza ubavu, shavu langu karibu na pua ya mbwa. Watasema hakuwa ameondoka mahali pake. Niliweka mkono juu ya mbavu zake na zilikuwa zinapanda na kushuka taratibu, naye akatoa ile pumzi ndefu. Nilimfuata. Zuberi alisema bismillahi na kuendelea kupiga kafi. Hakupata hata tone la maji ya mbwa.

Ng'ambo tulikaa chini ya ukuta wa bohari na watu wengine wengi, tukisubiri kuona moshi. Moshi haukuonekana. Kabla jua halijaanza kushuka habari ikavuka: wenye silaha walikuwa wamegombania mbuzi kule barabarani, wakapiga hewani, hakuna aliyekufa isipokuwa yule mbuzi. Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nami nilicheka. Nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu niliona kwamba tunaweza. Siku ya kweli ikija, Baba atavuka nasi.

Baba akaniita nikae karibu naye. Alikuwa anakamua maji kwenye suruali.

"Sasa unajua kuvuka," akasema. "Siku ile ya kweli, mukamate watoto na mbwa, muende. Miye hapana munigoje."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, Baba, si ulisema mbwa akienda nawe unaenda?

"Sikusema vile. Nilisema akibaki, nabaki. Ile ingine njo weye uliongeza." Akafunga kiatu chake. "Ule mwaka mulinigoja. Mama yako angeingia mu mutumbwi ya kwanza, mutoto angekuwa muntu mukubwa leo. Hii muguu haitaua mutoto mwingine."

Nikamwuliza, basi kwa nini mateso yote haya ya mbwa? Alinitazama kama ananionea huruma. "Mbwa? Mbwa ningemulalisha siku mbili. Mbwa hakukuwa na shida, Francine. Weye njo haungeingia mu mutumbwi."

Yaya, nilikasirika. Niliondoka nikasimama mbali na wote, nikalia kwa hasira kama mtoto aliyedanganywa kwa pipi. Tulirudi jioni ile ile, yeye pia. Amerudi kwenye redio yake. Anampa Watasema samaki. Anacheza na Joëlle. Nikimgusia jambo lile anasema chakula kinaungua.

Nimemwapia kwamba sitavuka bila yeye. Alicheka akasema nitavuka, ameshaona. Na kinachonitia hofu kuliko bunduki yoyote ni kwamba anasema kweli. Zamani ningebaki naye kwa sababu ya woga, na woga ule ungetuweka pamoja. Sasa miguu yangu inajua njia ya kuingia. Siku ile watoto wakilia, nitatandika mkeka, nitakaa chini, nitapumua, na Zuberi atausukuma mtumbwi, na mimi nitakuwa mtulivu, Yaya, nitakuwa mtulivu kabisa, huku baba yetu amesimama ukingoni na fimbo yake anakuwa mdogo.

Mimi hanisikilizi. Wewe ni mzaliwa wake wa kwanza, umewinda naye msituni, unajua sauti ya kumwambia. Usiandike, usimtumie neno kwa mtu. Panda ndege uje umchukue, hata kwa kumbeba, hata kwa ugomvi, wakati ndege bado zinatua.

Msalimie sana Josiane, mwambie namshukuru kwa vitenge. Msalimie Kalume na wadogo zake mmoja mmoja kwa jina. Bénie anakusalimu, anauliza kama Lubumbashi kuna mto. Zuberi anakusalimu na anasema maembe yako bado anayadai. Baba hajui kwamba nimekuandikia, lakini kila jioni anakutaja.

Mungu aliyetulinda tangu kale akufunike wewe na nyumba yako, akupe safari fupi na njia iliyo wazi.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Francine